Heshima Iliyomfukuza Jikoni

Hebu mchore kichwani mzee mmoja anashuka kwenye basi kinyumenyume, mguu unapapasa ngazi, kwa sababu mikono yake yote miwili imekumbatia sufuria. Usifikirie sufuria ya kuchemshia chai. Hii mtoto wa darasa la kwanza angeweza kuchuchumaa humo, ukamfunika, na mama yake akamtafuta kutwa. Mgongoni amefunga mwiko kwa kamba, mwiko umempita kichwa, na kondakta kamshika kiwiko asije akaanguka.

"Mzee wangu, na hilo kasia unakwenda kuvuka mto gani?"

"Nakwenda kwa mwanangu," mzee akajibu bila kugeuka. "Leo atakula."

Mwanawe alikuwa amesimama pale pale stendi, akamwona, akacheka mpaka akashika magoti. "Baba! Nilikwambia uje na nguo tu. Hiyo sufuria tukiiingiza ndani, sisi tutalala wapi?"

Ndivyo alivyofika, na siku hiyo alikuwa na furaha.

Huyu mzee maisha yake yote ya kazi aliyamaliza kwenye jiko la shule ya bweni. Wanafunzi walimwita Mzee Ongeza, maana kila sahani ilipopita mbele yake aliuliza, "Niongeze?" na kabla mtoto hajafungua mdomo alikuwa ameshaongeza. Alikuwa na masikio ya ajabu kwa chakula. Hakuwa mtu wa kuonja. Alisimama pembeni ya sufuria, akainamisha kichwa kama anasikiliza mtu anayenong'ona, halafu akasema, "Bado," au, "Toa moto." Wali ukikauka maji una sauti yake, na maharage yakiiva mchemko unakuwa mzito, unagugumia. Ukimwuliza alijifunza wapi, anakwambia sufuria ndiyo iliyomfundisha, yeye alinyamaza tu.

Kwake walikaa ndani ya uzio wa shule, yeye, mkewe na mtoto wao huyu mmoja. Jioni alirudi na bakuli lake, mkewe akatandika mkeka, wakala watatu kutoka sinia moja. Mkewe hakuwa mtu wa kusifu. Alimega tonge, akatafuna, akatazama dari, kisha akasema, "Leo chumvi imepita kusalimia tu, haikukaa." Mzee akanuna, mtoto akacheka, sinia likaisha. Huko ndiko mzee alikojua kwamba chakula ni watu kukaa chini.

Mkewe alipofariki, na yeye umri wa kustaafu ukawa umefika, shule ilikuwa inaleta majiko mapya. Wakamwuliza anataka kumbukumbu gani. Akaonyesha sufuria.

Sasa njoo nyumbani kwa mwanawe. Nyumba ya vyumba vitatu, ukuta mwembamba, ua wa saruji wenye bomba na kamba ya kuanikia nguo. Mwanawe ni fundi simu. Anashinda kwenye kimeza kilichojaa skrubu ndogo kama mbegu za nyanya, taa imemwinamia usoni, na akirudi nyumbani macho mekundu. Mke wa mwanawe ni fundi cherehani, mwenye kibanda karibu na stendi, mwanamke mwenye adabu, mchapakazi. Wana binti mmoja, anayesoma, ambaye mzee tangu siku ya kwanza alimwita "mke wangu mdogo," naye binti akamjibu, "Mahari kwanza, babu, utani baadaye."

Mkwe alimpokea mzee kwa magoti mawili na maji ya kuoga ya moto. Akamwekea kiti chenye mto pale sebuleni, akamwambia, "Baba, hapa ni kwako. Wewe kazi ulishaimaliza. Sasa ni kukaa na kula tu."

Siku ya kwanza mzee akakaa. Siku ya pili akakaa. Siku ya tatu akaingia jikoni, akachukua kisu na kitunguu.

"Baba! Jamani!" Mkwe akamnyang'anya kisu kwa upole, kama unavyomnyang'anya mtoto kiberiti. "Kuna nini? Una njaa?"

"Sina njaa, mama. Mgeni siku ya tatu hupewa jembe. Nimekuja kutafuta langu."

"Wewe si mgeni. Kaa, baba. Nitakuletea."

Akaletewa. Hapo ndipo shida yake yote ilipolala. Aliletewa sahani yake peke yake, imefunikwa na sahani nyingine, juu ya stuli, na vipande vya nyama vilivyo bora kuliko vya wote. Chakula kilikuwa kizuri. Yule mwanamke anajua kupika, usimsingizie. Lakini mzee alikula peke yake akitazamana na pazia. Mjukuu alikula mbele ya televisheni na sahani mapajani. Mwanawe alirudi kwa saa zake, akala akisimama mbele ya simu iliyokuwa inachajiwa. Na mkwe, mzee hakuwahi kumwona akila. Alisikia tu kijiko chake kikigonga sufuria huko jikoni.

Akamwambia mwanawe: "Mwanangu, siku moja tu. Nipike mimi, tukae chini wote, tule. Nife nikiwa nimeona hilo."

"Tutapanga, baba."

Wiki ikapita. "Vipi lile jambo letu?"

"Tutapanga tu, baba, usiwe na wasiwasi. Kazi zimebana."

Tutapanga ikawa kama wimbo wa mlinzi wa geti: mtu hakufukuzi, lakini huingii.

Ili uwe mwadilifu, umsikilize na mkwe. Mwanzoni mwanzoni mzee aliwahi kuosha vyombo pale bombani. Muuza mboga wa jirani, ambaye mtaa unamwita Mama Nyanya, akapita na beseni lake kichwani. Hakusema kitu, alisalimia tu. Lakini kesho yake mteja aliyekuja kupimwa gauni kibandani akauliza huku anacheka, "Eti nasikia umepata mfanyakazi wa bure? Baba mkwe mzima?" Mkwe akachoma kidole kwa sindano. Tangu siku hiyo mzee hakuruhusiwa hata kuhamisha kikombe. Kila alipoinuka, sauti ikatoka jikoni: "Baba, unataka nini? Kaa!" Akaanza kuhisi kwamba kile kiti kina gundi.

Ikaja Jumapili moja. Mkwe akaitwa na bibi harusi ambaye gauni lilikuwa limegoma kufunga mgongoni. Mjukuu akaenda kujisomea kwa rafiki. Mwanawe alikuwa na simu za kumalizia, lakini alipokuwa anafunga viatu mzee akamshika mkono.

"Leo utawahi kurudi?"

"Leo nitawahi, baba. Mchana niko hapa."

Neno hilo mzee alilishika kama mtu aliyeokota almasi. Mlango ulipofungwa tu, akavua shati la heshima, akavaa fulana.

Alianza kwa adabu. Akachukua kisufuria cha mkwe, akakiweka kwenye jiko la gesi, akatia mchele kwa makadirio ya watu wa nyumbani. Akainamisha kichwa asikilize. Hakusikia kitu. Gesi inavuma, kisufuria kinalialia kama mbu, wali hausemi. Akangoja useme. Uliposema, ulisema kwa moshi. Umeshika chini, juu mbichi. Akajaribu mchuzi, mkono wake wa chumvi ulikuwa mkono wa bweni zima, na mchuzi ukawa hauliwi hata kwa fimbo.

Mzee akasimama katikati ya jiko la watu, jasho linamtoka. "Kumbe sijui kupika," akajisemea. Mpishi aliyelisha watoto mpaka wengine wamekuwa wakubwa wa ofisi, anashindwa kulisha watu wanne! Akapiga ukuta kwa kiganja. Kisha akatazama dirishani, akaiona sufuria yake imegeuzwa uani, imewekewa ndoo ya nguo juu yake.

Akatoka. Akapanga matofali matatu, akawasha kuni alizookota pale walipobomoa banda la jirani. Sasa sufuria kubwa haina huruma: ukitia kidogo inaunguza. Lazima ijae ndipo iseme. Kwa hiyo akatia mchele wote wa kiroba, ule wa mkwe aliouhifadhi. Akatoa nyama yote kwenye friji. Akakimbilia dukani kwa vitunguu na mafuta. Akashika mwiko kwa mikono miwili, akazungusha, na ile sauti ikarudi! Wali ukaanza kuguna. Mzee akaguna nao. Vitunguu vikamliza, akajifuta machozi kwa ukingo wa fulana, na kwa kweli sijui kama yalikuwa ya vitunguu yote.

Wakati huohuo Mama Nyanya akachungulia juu ya ukuta.

Aliona nini? Aliona moto wa matofali uani, sufuria ya halaiki, na mzee wa watu anakoroga huku analia, nyumba imefungwa, wenyewe hawapo. Kwa macho ya mtaa ule, sufuria ya ukubwa huo hutoka nje kwa harusi au msiba tu, na harusi ingetangazwa. Mama Nyanya akaweka mkono mdomoni, akashuka taratibu asimsumbue. Kwa sababu kuna jambo moja mtaa ule hauna mchezo nalo: mwenye msiba haulizwi. Unavaa, unakwenda, unakaa. Atakayekwambia atakwambia.

Haukupita muda, geti likalia. Akaingia mama mmoja na kitambaa kichwani, akasema, "Poleni, baba," akakaa kwenye ngazi. Nyuma yake wawili na mkeka. Kisha kinyozi wa pembeni kafunga kazi, kabeba benchi lake. Muuza maji, fundi viatu, mwalimu wa chekechea. Wanaingia kwa sauti ya chini, wanampa mzee mkono, wanaukamata kwa muda, wanakwenda kukaa.

Na mzee? Mzee naye alikuwa na sheria yake aliyolelewa nayo: mgeni haulizwi kilichomleta. Mgeni hukaribishwa, hulishwa, kama ana neno atalisema akishashiba. Tena alifurahi! Miezi yote hiyo hakuna jirani aliyekuja kumjulia hali, leo wamekuja wote, na pole wanampa. "Kumbe wanajua jinsi ninavyoteseka na kile kiti," akawaza.

"Karibuni, karibuni. Nawa, mama. Nipe sahani. Niongeze?"

Hapo yaliyotokea uani usiyacheke kwa sauti. Watu walikula kwa huzuni, lakini walikula. Tonge la kwanza likaingia kwa heshima ya marehemu. La pili likaingia kwa heshima ya mpishi. Kinyozi akamnong'oneza fundi viatu, "Hivi nani aliyefariki?"

"Usiulize, wewe. Kula."

"Nauliza tu, nijue nalia kiasi gani."

"Lia cha kati."

Mwalimu wa chekechea akarudisha sahani, akasema kwa sauti ya msibani, "Baba, Mungu akutie nguvu. Na kama kuna mchuzi kidogo..." Mzee akamwongezea. Kila aliporudisha mwiko alitazama getini. Mwanangu atawahi, alisema. Akawa anaacha upande mmoja wa sufuria usiguswe. Lakini watu wakazidi kuja, na mkono uliozoea kuongeza haujui kunyima. Ule upande ukapungua, ukapungua.

Kule kimezani, fundi simu aliona ujumbe kwenye simu yake: "Pole sana ndugu yetu, tuko hapa kwako na mzigo ni wetu sote." Skrubu zikamtawanyika. Nyumbani nani yuko? Baba peke yake. Akampigia mkewe, mkewe akapiga kelele na kuangusha mkasi. Na wote wawili, kila mmoja kwa njia yake, wakaanza kukimbia.

Mwana ndiye aliyefika kwanza. Akasukuma geti, shati limetoka kwenye suruali, machozi hadi shingoni. Watu wakainuka, kinyozi akamkumbatia. "Jikaze, mwanamume."

"Yuko wapi? Mmemlaza wapi baba?"

Na baba, pale nyuma ya moshi: "Umechelewa, lakini umefika. Nawa mikono."

Mwana akamtazama baba yake kama mtu anayetazama mzuka umeshika mwiko. Kisha akakaa chini kwenye saruji, pwaa, akashika kichwa.

Mama Nyanya ndiye aliyetaka jibu. "Subirini kwanza. Kama baba yuko hapa, na wewe uko hapa, sisi tumemlilia nani?"

"Nani kawaambia mlie?" mzee akauliza, ameshangaa kwa dhati.

"Si sufuria, baba!"

Fundi viatu akaanza kucheka kwa pua, akajizuia, akashindwa, na uani pote pakalipuka. Ndani ya kicheko hicho akaingia mkwe, miguu mitupu, futi ya kupimia inaning'inia shingoni, uso umevimba. Akamwona mzee mzima. Akashukuru Mungu kwa sauti. Kisha akaona kiroba kitupu. Akaona mtaa mzima unashika sahani zake. Akaona baba mkwe kwenye fulana, majivu hadi kwenye nyusi, anapuliza moto katika ua wake yeye. Hakucheka.

Majirani ni watu wa akili. Walikumbuka kazi zao mmoja mmoja, wakashukuru, wakatoka na mabenchi yao. Mjukuu naye akarudi. "Babu, kuna sherehe gani?"

"Njoo ule, mke wangu mdogo."

"Nimeshakula kwa akina rafiki yangu."

Mzee akageukia sufuria. Akaingiza mwiko, ukagonga chini tupu. Akauzungusha tena, kana kwamba labda hakutafuta vizuri. Hakukuwa na kitu. Kinyozi alikula, muuza maji alikula, watu ambao hajui hata majina yao walikula wakaongezewa. Na wale ambao kwa ajili yao aliukumbatia mzigo ule kutoka mbali hawakuonja hata punje.

"Baba," mwana akasema, bado yuko chini, "unajua nimekimbiaje? Nimekuzika njia nzima. Nimeshachagua hadi nani wa kumpigia simu."

"Ulisema utawahi."

"Nina kazi, baba!"

"Na mimi nilikuwa na kazi. Na kila jioni nilikaa chini nikala na wewe."

Mkwe akajaribu kuweka mambo sawa, kwa ile sauti yake ya adabu. "Baba, kama ulikuwa na hamu ya kitu, si ungeniambia tu? Ningekupikia."

Hapo mzee akapasuka. Sijui kama ana historia ya kupiga kelele, lakini siku hiyo alipiga. "Sitaki kupikiwa! Sikuja hapa kupikiwa! Nataka mle! Mnaniletea sahani imefunikwa kama chakula cha mgonjwa. Nyama nzuri, asante. Nitaitafuna na nani? Na pazia?"

Mkwe akavua futi shingoni. Adabu ikabaki, lakini sauti ikabadilika. "Na mimi, baba, nakula na nani?"

Mzee akaweka mwiko chini.

"Hujaniuliza. Napika kila siku. Mume wangu anakula na simu, mwanangu anakula na televisheni, wewe nakuheshimu. Mimi nasimama pale jikoni nakula kwenye mwiko. Halafu hilo jiko ndilo kitu pekee nilichonacho nyumba hii cha kuitwa changu, nawe unakitaka. Leo mtaa umekuona hapa na mimi nikiwa kibandani. Kesho watasema nini? Utawajibu wewe?"

Mwana akainuka, akasema maneno yaliyowakera wote wawili kwa pamoja: "Basi, jamani. Tutapanga."

Mkwe akaingia ndani, akabandika maji ya uji, maana mchele haukuwepo. Kila mtu akaunywa uji pale alipokuwa.

Ingekuwa mwisho, kama si Mama Nyanya. Asubuhi yake alisimama getini bila beseni, kajifunga kitambaa kipya. Alisema dada yake anamwoza binti, watu watakuwa wengi, wapishi wanaowajua wanaunguza wali kila mwaka, na yeye tangu jana hajalala kwa kuufikiria ule mchuzi. "Baba, tukubalie. Utakuwa mkubwa wa jiko. Na tutakaa chini tule na wewe, si kukuachia pembeni."

Mwana, aliyekuwa anafunga viatu, akajibu kabla ya baba yake. "Hapana, mama. Baba yangu hatakwenda kupikia watu. Itaonekana hatumtunzi." Mkwe, mlangoni, hakusema ndiyo wala hapana, alimtazama tu mzee, na kwa mara ya kwanza hakumwambia akae.

Mzee amesimama hapo katikati ya mlango na geti. Nje kuna watu watakaokula na kumwambia ongeza, lakini si wake. Ndani kuna walio wake, wanaompenda kiasi cha kumkimbilia wakilia, lakini hawakai chini. Mama Nyanya anasubiri jibu. Wewe ungekuwa umesimama karibu naye, ungemnong'oneza nini: aende, au abaki?